Bima ya kuteleza kwenye theluji nje ya njia zenye alama: mwongozo kamili kwa anayeondoka Tanga

Karatasi niliyoletewa dukani juzi ilikuwa nzuri kuitazama: mhuri wa buluu, saini mbili, na katikati herufi nene zinazosema euro 30,000. Kijana aliyeileta anasafiri Januari kwenda Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kwa mwaliko wa familia, na wenyeji wake wameshamwambia kwamba wiki ya pili wanampeleka Austria kuteleza kwenye theluji. "Shangazi, si hii inatosha?" Nikamfungulia ukurasa wa kumi na moja wa mkataba, nikamwekea kidole.

Mimi nina steshenari Ngamiani. Natoa kopi, nachapa fomu za viza, naskani vyeti. Huyo ni mtu wa tano kuniletea bima ya viza akidhani ndiyo bima ya mlimani. Wa kwanza wao alirudi Tanga na goti lililoshonwa, pamoja na bili ya helikopta ambayo kampuni yake ya bima haikulipa hata senti. Tutamkuta tena huko mbele.

Neno moja kabla hatujaanza. Huko kwenye milima ya Alps, Ulaya, njia ya kuteleza iliyosawazishwa kwa mashine huitwa pisti. Ina nguzo pembeni na rangi ya ugumu: buluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu, na Ufaransa wana kijani kwa wanaojifunza. Ukivuka nguzo uko nje ya pisti. Aliyezoea kutazama meli zikiingia bandari yetu kati ya maboya ataelewa upesi: boya haliizuii meli kutoka nje ya mkondo, ila nahodha akitoka, maswali yote yanamgeukia yeye.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Mkataba wote wa bima, si cheti. Cheti ni ule ukurasa mmoja wa kupeleka ubalozini. Mkataba wenye masharti ni kijitabu kizima, na mara nyingi hutumwa kwa barua pepe ambayo watu hawaifungui.
- Jina la kijiji cha mlimani unakokwenda, nchi yake, na tarehe. "Austria" peke yake haitoshi.
- Barua pepe yako mwenyewe, si ya wakala wala ya steshenari.
- Nambari ya dharura ya bima inayopokelewa saa 24.
- Kalamu ya rangi.
- Muda: jipe angalau wiki mbili kabla ya ndege. Mikataba mingi ya safari haikubali kuongezewa kitu ukishaondoka nchini.

## Hatua ya 1: Jua utapita mahali pa aina gani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanadhani "nje ya pisti" ni mabingwa wanaoruka majabali kwenye video. Siyo. Kijana wangu wa goti alikuwa na siku nne tu za kujifunza. Alikata kona kati ya pisti mbili, akapita kwenye miti, mita zisizofika hamsini, kwa kuwa mtoto wa wenyeji wake alipita hapo mbele yake. Waokoaji waliandika kwenye ripoti mahali walipomkuta, na mahali hapo palikuwa nje ya nguzo.

Pambanua aina hizi:

Pisti iliyo wazi. Bima yoyote inayotaja michezo ya theluji huanzia hapa.

Pisti iliyofungwa. Kamba imewekwa, au kibao. Kuipita ni kubaya kuliko kuwa nje ya pisti, maana umeshaonywa kwa macho. Sijaona mkataba unaomvumilia mtu huyo.

Njia yenye alama isiyosawazishwa. Austria huziita Skiroute, na Uswisi nako zipo. Wenye mlima huzilinda dhidi ya maporomoko ya theluji, lakini hawazisawazishi, wala hawazipitii jioni kuangalia kama kuna mtu amebaki. Kampuni moja itazihesabu kuwa pisti, nyingine itazikataa. Usikisie.

Eneo huru linalofikiwa kwa lifti. Lifti ya mlimani ni viti au vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha juu. Unashuka kwenye lifti, unaacha nguzo, unateremka kwenye theluji laini. Hakuna anayelikagua.

Mlima wenyewe. Kupanda kwa miguu ukiwa na ski (zile mbao ndefu za kufunga miguuni), kushushwa na helikopta, au kupita juu ya barafu ya kudumu yenye nyufa. Hii ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi ina bima yake.

*Umefaulu hatua hii* ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja: "Nitakuwa kwenye pisti, na huenda nikaingia eneo huru karibu na lifti, nikiwa na mwalimu." Kama huwezi kuisema, waandikie wenyeji uwaulize. Watakujibu kwa furaha, hao hupenda sana kuzungumzia milima yao.

## Hatua ya 2: Tafuta maneno manne kwenye mkataba

Mikataba mingi ya safari inayouzwa kwetu imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafuta ni haya: "winter sports" (michezo ya theluji), "off-piste" (nje ya pisti), "guide" (kiongozi) na "search and rescue" (kutafutwa na kuokolewa). Kwenye simu fungua faili, bonyeza alama ya kutafuta, andika neno. Kwenye karatasi tumia ile kalamu ya rangi.

Anza na "winter sports". Bima ya viza inatakiwa kufikia euro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) kwa siku zote za safari, na ilipe matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Ndivyo kanuni ya viza ya Schengen inavyotaka. Haitaji theluji popote. Kampuni inaweza kukidhi masharti hayo yote huku imeitoa michezo ya theluji nje kabisa, na ubalozi ukakugongea viza vizuri tu, kwa sababu ubalozi unakagua bima ya mgeni, hauna habari na matembezi yako ya wiki ya pili.

Kisha "off-piste". Utakutana na moja ya hali hizi:

Neno halimo kabisa. Usishangilie. Rudi kwenye orodha ya michezo ya hatari na kwenye ukurasa wa maana ya maneno. Mara nyingi mlango umefungwa huko kwa maneno mengine, kama "michezo yoyote ya milimani".

Limo kwenye orodha ya yasiyolipwa. Hapo jibu umepata, nenda hatua ya 5.

Limo kwa sharti. Hii ndiyo ya kusoma polepole. Masharti ya kawaida ni matatu: uwe na kiongozi mwenye sifa, uwe ndani ya mipaka ya kituo cha ski, na usiende kinyume na tahadhari zilizotolewa mahali hapo. Zingatia neno kiongozi. Baba mwenyeji aliyeteleza tangu utotoni si kiongozi mbele ya bima, hata kama anaujua mlima kama nyumba yake. Anayetakiwa ni mwenye cheti, aliyelipwa, na risiti ipo.

Limo bila sharti lolote. Soma tena.

*Onyo:* usiishie kwenye jedwali la rangi linaloonyesha alama za vema. Jedwali ni la kuuzia. Madai yanapofika, anayesoma atasoma maandishi madogo.

*Umefaulu* ukiwa na namba za kurasa na vifungu ulivyopigia mstari, hata kama ulichokipata ni kibaya.

## Hatua ya 3: Tenganisha bili

Watu husema "bima itanilipia" kana kwamba bili ni moja. Mlimani huja kwa makundi, na kila kundi lina kifungu chake.

Ya kwanza ni kutafutwa na kushushwa mlimani. Helikopta huenda kwa maelfu ya euro. Mkataba unaweza kulipa hospitali yote na usilipe kitu kwa kukutoa kwenye theluji, kwa hoja kwamba kutafutwa si matibabu. Ndiyo maana nimekuambia utafute "search and rescue" peke yake.

Ya pili ni hospitali. Ya tatu ni kurudishwa nyumbani: mguu wenye plasta ndefu unaweza kuhitaji viti zaidi ya kimoja kwenye ndege, na pengine muuguzi wa kukusindikiza. Ya nne husahaulika: ukimgonga mtu ukamvunja, yeye anakudai wewe. Wenye magari wataelewa nikisema ni ile bima ndogo ya barabarani, imehamia mlimani. Italia, tangu tarehe 1 Januari 2022, ni lazima kuwa nayo ukiwa kwenye pisti zao. Hiyo haigusi goti lako, inamlipa uliyemgonga.

Chora mistari minne kwenye karatasi, andika mbele ya kila mmoja kiasi cha juu, kiasi unachoanza kulipa mwenyewe, na kama nje ya pisti imo.

## Hatua ya 4: Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi

Kijana wangu alimuuliza wakala. Alimuuliza kwa simu, akiwa stendi ya Kange, akajibiwa "ndiyo kaka, kila kitu kimo, usiwe na wasiwasi". Wakala yule huenda hakukusudia uongo, huenda hata hakujua pisti ni kitu gani. Lakini madai yalipoanza, kampuni iliuliza: umeambiwa na nani, lini, wapi? Hakuwa na la kuonyesha.

Andika barua pepe kwa kampuni yenyewe, wakala umpe nakala. Iwe fupi, maswali yawe ya kujibika kwa ndiyo au hapana. Mimi huwachapia hii:

> *Yah: Bima ya safari namba ........*
>
> *Nitakuwa (kijiji, nchi) kuanzia tarehe ... hadi ... na nitateleza kwenye theluji. Naomba mnijibu kwa maandishi:*
>
> *1. Je, bima hii inanilinda nikiteleza kwenye pisti zilizo wazi?*
>
> *2. Je, inanilinda nikiwa nje ya pisti, katika eneo linalofikiwa kwa lifti? Je, na kwenye njia zenye alama zisizosawazishwa?*
>
> *3. Je, ni lazima niwe na kiongozi? Anatakiwa awe na cheti gani?*
>
> *4. Je, gharama za kutafutwa na kuokolewa, pamoja na helikopta, zinalipwa? Hadi kiasi gani?*
>
> *5. Je, daraja gani la hatari ya maporomoko ya theluji linaifuta bima yangu?*
>
> *Tafadhali taja kifungu cha mkataba kwa kila jibu.*

Mstari wa mwisho ndio wenye nguvu. Mtu wa mapokezi hawezi kutaja kifungu bila kumpelekea anayejua.

*Onyo:* jibu la "tafadhali rejea masharti na vigezo" si jibu. Rudisha barua ileile, ongeza: "Nimeyasoma, ndiyo maana nauliza." Wasipojibu baada ya siku tano za kazi, chukulia ni hapana, uende hatua ya 5.

*Umefaulu* ukiwa na barua pepe yenye jina la mtu, cheo, tarehe na namba za vifungu. Ichapishe. Moja uende nayo, moja uache nyumbani kwa mtu anayejua kusoma simu yake.

## Hatua ya 5: Ziba pengo

Kwanza iombe kampuni yako nyongeza ya michezo ya theluji. Ukikubaliwa, hakikisha nyongeza hiyo imetolewa kama waraka wenye namba, si ujumbe wa WhatsApp wenye "imeshawekwa". Kisha hakiki na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa. Ni dakika chache, na nimeona mtu akiokoa nauli nzima kwa dakika hizo.

Kama kampuni ya hapa haina kitu hicho (na mara nyingi haina, nani wa Makorora aliwahi kuiulizia?), tazama huko uendako.

Kwa anayekaa muda mrefu, klabu za milima za Ujerumani na Austria, zinazoitwa Alpenverein, zina bima ya uokoaji ndani ya uanachama, hadi euro 25,000 kwa kutafutwa na kuokolewa. Ni dawa nzuri ya ile bili ya kwanza, si badala ya bima ya matibabu.

Ufaransa, dirishani unapokata tiketi ya lifti, utaulizwa kama unataka Carré Neige, bima ya kulipia kwa siku. Kabla hujasema ndiyo, omba karatasi yake usome inasemaje kuhusu nje ya pisti.

Uswisi utasikia habari za Rega, shirika la helikopta. Ukichangia kwa mwaka unakuwa mfadhili, na Rega inaweza kukusamehe gharama zao pale bima zako zisipolipa. Angalia neno "inaweza". Ni hisani yao, huwezi kuidai kama haki.

Na neno kwa wale mlioko Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea, mlio na bima ya afya ya huko na kadi ya Ulaya ya bima ya afya iliyochapwa nyuma ya kadi yake. Hospitali ndani ya Ujerumani mko sawa. Lakini kadi hiyo ya Ulaya, kwa raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya, haitumiki kwa matibabu Uswisi. Mwenzako Mjerumani mliye naye lifti moja yake itakubaliwa, yako itarudishwa. Kwa safari ya Uswisi nunua bima ya safari, hata ya siku mbili.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe, usiiue bima yako

Asubuhi soma taarifa ya maporomoko ya theluji ya eneo hilo. Ulaya hutumia madaraja 1 hadi 5. Mtego uko kwenye daraja la 3. Sisi tuliozoea mitihani tunaona 3 kati ya 5 ni wastani, pasi ya katikati. Siyo. Ni hatari kubwa, na watu wengi hufia humo kwa sababu bado lifti zinafanya kazi na jua linawaka. Maporomoko mengi yanayowafunika watelezaji huanzishwa na wao wenyewe au mtu wa kundi lao. Ukiona taa za njano zinawaka na kuzima karibu na lifti, au bendera za njano na nyeusi, hiyo ndiyo "tahadhari ya mahali" inayotajwa kwenye mkataba wako. Piga picha ubao wa asubuhi. Picha ina saa na tarehe.

Nje ya pisti kila mtu abebe vitu vitatu: kifaa cha mawimbi ya kutafutana kilichofungwa mwilini na kuwashwa, fito ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na sepetu. Aliyefukiwa ana dakika kumi hadi kumi na tano za matumaini makubwa, baada ya hapo hali hubadilika haraka sana, na waokoaji wa mbali hawafiki kwa muda huo. Walio karibu ndio wanaochimba. Italia vitu hivi ni sheria penye hatari ya maporomoko. Vinakodishwa madukani, chukua risiti.

Pombe: mchana mlimani watu hunywa. Mkataba wako karibu hakika una kifungu cha ulevi. Kunywa chokoleti ya moto.

## Hatua ya 7: Ajali ikitokea

Piga 112, inafanya kazi Ulaya nzima. Uswisi helikopta za Rega ni 1414, Austria uokoaji wa mlimani ni 140. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi huua betri.

Ukishakuwa mikononi mwa watu, wewe au mwenzako pigeni ile nambari ya bima ya saa 24 *kabla* ya upasuaji au kuhamishwa hospitali. Mikataba mingi inataka idhini kwanza, isipokuwa pale roho iko hatarini. Usitegemee ofisi ya Dar es Salaam: majira ya baridi Ulaya ya kati iko nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni, mlimani ni saa tisa alasiri na watu bado wanateleza.

Kabla ya kuondoka kituoni kusanya ripoti ya waokoaji, bili iliyochanganuliwa, ripoti ya daktari, na jina la kiongozi. Ripoti ya waokoaji isome. Kama wameandika mahali pasipo sahihi, omba warekebishe ukiwa bado huko. Ukisharudi Tanga ndiyo basi tena.

## Hatua ya 8: Ukikataliwa

Omba kukataliwa kwa maandishi, na kifungu walichotumia. Kilinganishe na barua pepe ya hatua ya 4. Andika malalamiko kwa kampuni kwanza. Wakishikilia, kama kampuni imesajiliwa Tanzania, peleka faili TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama uliinunua kwenye tovuti ya Ulaya, malalamiko yako yanaelekea nchi iliyoisajili kampuni hiyo, kwa hiyo angalia jina la nchi chini ya ukurasa kabla hujalipa.

Kijana wangu alifika hatua hii akiwa na cheti cha euro 30,000 na kumbukumbu ya simu ya stendi ya Kange. Hospitali na helikopta, vyote alikataliwa. Familia ya wenyeji ilimlipia helikopta, naye anawarudishia kidogo kidogo kila mwezi. Huyu wa Januari ameshatuma barua yake ya maswali matano, jana kampuni imemjibu manne. La helikopta wamelipita. Tumeichapa upya asubuhi hii, swali moja tu ndani yake.